Mwezi wa Strungi

Majuma mawili yaliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Kitale, saa za chakula cha mchana, nikiwa ofisini hapa Kisii na sahani ya ndizi na maharagwe mbele yangu. Hakunisalimu. Alianza kwa kucheka, kicheko kikakatika katikati, halafu akasema daktari amemwambia aachane na maziwa.

"Maziwa tu, dada. Miaka hii yote, kumbe ni maziwa."

Akanieleza haraka haraka, akiogopa salio litaisha. Daktari alikuwa amempa kazi ya wiki tatu: aandike kwenye daftari kila kinachoingia mdomoni na jinsi tumbo linavyojibu. Wiki ya kwanza aliacha maziwa na kila kilichopikwa kwa maziwa, tumbo likanyamaza. Wiki ya pili akaanza kujaribu kitu kimoja kimoja. Mayai, hakuna neno. Maharagwe, gesi kidogo tu. Maziwa lala, yaliyoganda, nusu kikombe, akavumilia. Wiki ya tatu akanywa glasi moja ya maziwa ya kuchemsha, na siku hiyo hakwenda kazini. Mwalimu mzima, miaka thelathini na saba, alishinda amejikunja sakafuni karibu na choo. Sasa ana orodha ya vyakula imebandikwa ukutani jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe anakula bila woga. Ndivyo alivyosema, bila woga, na mimi kijiko kikabaki hewani.

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Wewe ndiye ulikuwa mkubwa. Kwani pale nyumbani hakuna mtu hata mmoja aliyeona?"

Nikamwambia bosi ananiita, nitampigia. Bosi alikuwa Nyamira siku hiyo.

Rafiki yangu, kuna mtu aliyeona. Na mimi nilimwona akiona. Acha nikusimulie tangu mwanzo, ingawa najua huenda nikaishia kwikwi.

Kwetu ni Ikonge, kule ambako chai imepandwa hadi ukingoni mwa barabara na mvua ya alasiri haihitaji mwaliko. Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa hajaota meno. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai na alikuja nyumbani mwisho wa wiki, kwa hiyo tulihamia nyumba ya nyanya, mama yake baba. Nyumba ilikuwa ya udongo, na jikoni kulikuwa na moshi wa kukutoa machozi hata kama huna huzuni yoyote. Asubuhi zilianza na sauti ya maziwa yakipiga ndani ya ndoo, kwanza kwa ukali, halafu kwa utulivu ndoo inapojaa. Nilikuwa najua saa kwa sauti hiyo. Nyanya alikamua huku akiimba nyimbo za kanisa polepole, na ng'ombe wake wawili, waliokuwa wakali kwa kila mtu mwingine, walisimama kwa adabu kuliko waumini.

Nyanya alikuwa Msabato wa zamani, wale wa kupika chakula cha Sabato Ijumaa na kuzima mambo yote kabla jua halijazama. Tulichuna chai kabla umande haujakauka, tukaibeba hadi kituo cha kuuzia majani, lakini majani hayo hayakuwahi kuingia kwenye sufuria yake. Kanisa lilikataza, na yeye hakuwa mtu wa kujadiliana na kanisa. Katika nyumba yake kilichonywewa ni maziwa. Maziwa ya moto asubuhi. Uji wa wimbi uliopikwa kwa maziwa saa nne. Jioni kulikuwa na obokima, ugali wa wimbi wa rangi ya kahawia, ukiwa moto ndani ya kikapu chake, na chinsaga, mboga chungu ambayo nyanya aliichemsha siku mbili akiiongeza maziwa kidogo kidogo hadi uchungu ukakubali kushindwa. Nikikumbuka mboga ile mate yananijaa hadi leo. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu aliyeketi kando yangu alikuwa akila kitu kingine kabisa.

Maana mdogo wangu alikuwa mgonjwa. Hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani, bali wa kila siku, wa aina inayozoeleka. Tumbo lilikuwa limejaa na kunguruma, miguu myembamba, na baada ya kila mlo alikuwa akikimbilia nyuma ya migomba, na mara nyingine hakufika. Walimpa dawa ya minyoo hadi nadhani minyoo yenyewe ilihama kata. Walimchemshia majani machungu. Jirani yetu, mama mmoja aliyejua kila kitu kabla hakijatokea, alisema mtoto amepigwa jicho baya, akapakwa siagi mwili mzima. Wazee wa kanisa waliomba. Mwalimu wa chekechea alikuwa akimrudisha nyumbani saa tatu, nguo imechafuka, na mimi nikitolewa darasani kumsindikiza. Nilimchukia njiani, nakiri. Nilitembea mbele ili watu wasijue ni wangu.

Nyanya alikuwa na jibu lake kwa yote hayo. Alisema mtoto asiye na mama hukauka kwa kukosa maziwa ya mama, basi lazima maziwa yarudi kwa njia nyingine. Akatenga ng'ombe mmoja. Yule mwenye madoadoa akawa wa mdogo wangu, maziwa yake hayakuuzwa wala kugawanywa. Sisi wengine tulinywa yaliyobaki kwa yule mwingine. Kila kikombe ambacho mdogo wangu alikitapika, nyanya alikirudisha kwa kikombe kingine. Jinsi alivyozidi kukonda, ndivyo alivyozidi kunyweshwa. Sijapata kuona mtu akipendwa vile, na nasema hivyo nikiwa mtu mzima ninayejua kilichokuwa ndani ya kikombe.

Halafu baba akaoa.

Mama mdogo alikuja na sanduku moja na kikohozi kidogo cha aibu. Alikuwa Mkatoliki, na mle sandukuni, chini ya nguo, kulikuwa na pakiti ya majani ya chai. Mambo hayo mawili yalitosha kumweka nyanya macho. Sisi watoto tulimwita mama mdogo. Watu wazima walimwita kwa jina la kwao, kama wanavyoitwa wanawake wengi walioolewa huku: yule wa Masimba. Alikaa nasi mwaka na nusu hivi. Hakupata mtoto, na hilo lilikuwa linasemwa kwa sauti ya chini kila alipopita na ndoo.

Alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Nilimkuta mara kadhaa amesimama mlangoni akimtazama mdogo wangu akinywa maziwa, halafu anahesabu kitu kwa vidole, halafu anaangalia kule kwenye migomba. Siku moja tukichuna chai, mimi na yeye mistari inayokaribiana, akaniambia kwao alikuwa na kaka wa namna hiyo hiyo. Mama yao alihangaika naye hadi ng'ombe wao akafa, na ng'ombe alipokufa, mtoto akapona. Wakanunua ng'ombe mwingine, mtoto akaugua tena. "Mama yangu hakusoma," akasema, "lakini hiyo alielewa." Tangu hapo yule kaka alikula wimbi iliyopikwa kwa maji, mboga ya chumvi tu, na maziwa ya kibuyu yaliyoganda vizuri, kidogo. Nikamwuliza kwa nini hamwambii nyanya. Akaendelea kuchuna mistari mitatu minne hivi. "Nimwambie mama mkwe kwamba maziwa yake ni sumu? Mimi, wa Masimba?"

Agosti ya mwaka huo shangazi yetu alijifungua, na nyanya akaenda kumpikia, kama ilivyo desturi. Aliondoka na kikapu cha wimbi na furushi la chinsaga, akakaa kule mwezi mzima. Aliacha maagizo marefu. Karibu yote yalihusu ng'ombe mwenye madoadoa.

Asubuhi ya kwanza mama mdogo alikamua, akampa ndama sehemu, nyingine akaimimina kwenye kibuyu. Akachemsha maji, akatia majani na sukari, akamkabidhi mdogo wangu kikombe cha strungi. Nilipigwa na butwaa. Usisahau kwamba kwetu, hata kwa wale wanaokunywa chai, chai isiyo na maziwa ni ujumbe. Mgeni akipewa strungi anajua aende mapema. Na sasa huyu alikuwa anampa yatima, tena katika nyumba ya Msabato. Mdogo wangu alionja, akafumba macho, akanyoosha kikombe aongezwe.

Siku ya nne alirudi kutoka kwenye migomba akitembea, si akikimbia. Wiki ya pili mlio wa tumbo lake, ambao nilikuwa nimeuzoea kitandani tangu azaliwe, ulikoma, na mimi nikawa nakosa usingizi kwa ukimya. Alikula obokima akaomba tena. Alianza kuwa mtundu, rafiki yangu, na ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimewahi kumwona akiwa mtundu. Alipanda mpera. Alinifichia kiatu. Mashavu yakajaa, nywele zikaacha kuwa nyekundu. Siku moja tulishindana mbio kutoka kituo cha majani hadi nyumbani, akanishinda, na sikumwachia kwa makusudi. Mama mdogo alikuwa amesimama getini na mikono kiunoni, anacheka kimyakimya mabega yakitikisika. Huo ndio mwezi wa furaha zaidi katika utoto wangu, na nimeutunza peke yangu miaka thelathini na mbili.

Nyanya alirudi Ijumaa. Alipomwona mdogo wangu aliangusha kikapu njiani. Alimbeba, akamgeuza huku na huku, akaimba, akamshukuru Mungu kwa majina yake yote. Kisha akaingia jikoni kwa furaha, akamchemshia maziwa, akamletea kikombe kimejaa na povu juu.

"Sitaki maziwa," mdogo wangu akasema. "Nataka strungi yangu."

Nyanya hakupiga kelele. Ilikuwa Ijumaa na jua lilikuwa linashuka, hakutaka kuingia Sabato na ugomvi. Alikinusa kile kikombe kidogo kilichokuwa kikining'inia kwenye msumari, akakirudisha. Jumapili alasiri akaita watu. Walikuja wanawake wawili wa kanisa, yule jirani, na baba, aliyeletewa kiti akakaa akiangalia viatu vyake. Sisi watoto tuliketi kwenye mkeka.

Walimwuliza mama mdogo kama ni kweli amemnyima yatima maziwa ya ng'ombe wake. Akasema ni kweli, na akaeleza kwa nini, kaka yake, ng'ombe aliyekufa, yote. Alieleza vizuri. Lakini nilitazama nyuso zao nikaona walikuwa wameshafunga mlango kwenye neno "ni kweli".

"Mtoto si huyo hapo," akasema mwishowe. "Mwangalieni tu."

"Amefura," jirani akajibu. "Huko si kunona, ni kufura. Mtoto wa maji matupu hufura hivyo."

"Na hiyo maziwa ilienda wapi?" mmoja wa kanisa akauliza.

"Kwa ndama. Nyingine kwa kibuyu."

"Kwani ndama ndiye amefiwa na mama?"

Mtu mmoja alicheka. Baba hakunyanyua kichwa. Mama mdogo akakohoa kile kikohozi chake, halafu akanigeukia mimi. "Huyu mkubwa analala naye kitanda kimoja. Mwulizeni. Huo mwezi mzima, mtoto aliumwa tumbo?"

Wote wakanitazama, nyanya pia. Ningemwona amekasirika ingekuwa rahisi, lakini hakuwa amekasirika. Alikuwa anaogopa. Nilielewa, kwa akili ya mtoto wa miaka tisa, kwamba nikisema "hakuumwa" kuna kitu ndani yake kitavunjika na mimi ndiye nitakuwa nimekivunja. Alikuwa ametulea. Alikuwa amewanyima hata shangazi zetu maziwa yale kwa ajili ya mtoto mmoja.

Nikasema, "Sijui."

Mama mdogo alinitazama kidogo zaidi, si kwa ubaya. Kisha akaingia ndani kupika, kwa sababu jioni ilikuwa inakaribia na watu walihitaji kula.

Aliondoka Jumanne. Asubuhi hiyo alinikuta kwenye chai, akaweka sanduku chini, akaniambia maneno ambayo naweza kuyarudia hata ukiniamsha usingizini. "Maziwa ya moto, hapana. Uji, kwa maji. Chinsaga, mtolee kabla haijatiwa maziwa. Ya kibuyu, kidogo kidogo. Umeshika?" Nikatikisa kichwa kwamba nimeshika. Akabeba sanduku. Sikumwomba msamaha, kwa sababu sikujua kama watoto huomba watu wazima msamaha kwa kitu ambacho hawakusema.

Nilijaribu, usinione hivi. Siku nne nilimnywea mdogo wangu maziwa yake nyuma ya jikoni, na nitakuwa mwongo nikisema niliumia, yalikuwa matamu. Siku ya tano nyanya akaanza kuketi karibu naye hadi kikombe kiishe. Mtoto wa miaka tisa atafanya nini hapo? Sufuria si yake, ng'ombe si wake. Nilimtazama akinywa. Kabla ya wiki mbili kuisha alikuwa amerudi kwenye migomba. Mashavu yakaenda. Jirani akasema, "Mnaona, uvimbe umeanza kutoka."

Mdogo wangu alipona tena alipokwenda shule ya bweni. Huko chai yao ilikuwa maji ya rangi, maziwa yalikuwa hadithi, na uji ulikuwa mweupe wa mahindi na maji. Wenzake walilia kwa chakula hicho, yeye akanenepa. Lakini kila likizo alipokanyaga Ikonge, kikombe kilikuwa kinamngoja, na siku ya pili alikuwa amelala. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Shuleni mzima, nyumbani mgonjwa. Na kila alipougua, chakula kilikuwa kimetoka kwenye mkono mmoja. Alipofika kidato cha tatu alianza kumwaga chakula cha nyanya kwa siri. Alipomaliza shule hakukimwaga kwa siri tena. Aliniambia kwa Kiswahili, ili nyanya asielewe, "Huyo mzee ananifanyia kitu." Kwetu unajua neno la uchawi kama hilo linaweza kumfikisha mzee wapi. Nilimwomba asilitamke mbele ya watu, na kweli hakulitamka. Alitafuta tu kazi mbali, akaacha kuja.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa mtu mzima, na mshahara, na mdomo. Lakini kila nilipopanga maneno niliona yanaanza na mimi kwenye ule mkeka, nikayaacha. Nyanya alizeeka akiuliza habari zake. Katika majuma yake ya mwisho aliniagiza jambo moja. "Mwambie mdogo wako ng'ombe amezaa. Maziwa yapo, aje." Nilimpigia simu. Nilimwambia nyanya ni mgonjwa sana, nikaliacha la ng'ombe. Hakuja, wala mazishini hakuja.

Sasa unajua kwa nini bosi wangu ilibidi aniite kutoka Nyamira.

Nilimpigia Jumapili, nikiwa nyumbani kwangu Kiogoro, nimefunga mlango. Nilimwambia yote kama nilivyokwambia. Hakunikatiza. Nilipofika kwa mama mdogo ndipo aliposema, "Nani?"

"Mama mdogo. Mke wa baba."

"Baba alikuwa na mke?" Alikuwa na miaka mitano wakati ule. Hakumkumbuka hata kidogo, si strungi, si mpera, si mbio alizonishinda.

Nikaendelea hadi mwisho. "Kwa hivyo nyanya alikuwa ananilisha tu," akasema.

"Alikuwa anakulisha tu."

"Na mimi nikamfikiria vile." Akavuta pumzi. "Na wewe ukasema hujui."

"Nikasema sijui."

Nilingoja anitukane, au aseme nilikuwa mtoto. Hakufanya moja wala jingine. Alisema, "Mtafute. Nyanya siwezi kumfikia tena. Huyo mwingine mtafute, nimwambie asante. Na wewe mwambie la kwako."

Nilichukua ruhusa ya siku mbili. Ya kwanza nilikwenda Ikonge. Baba alishafariki, shangazi zetu pia, karatasi za ndoa hazikuwahi kuwepo. Jirani bado yupo, amepofuka jicho moja, anaota jua mlangoni kwa mwanawe. Nilipomtajia alifurahi sana. "Yule wa Masimba! Alikuwa mchapakazi, yule. Tena mpole. Aliondoka kwa nini?" Nikamtazama nione kama ananichezea. Hakuwa anacheza, alikuwa amesahau. Nikamwuliza jina lake. Akafikiri, akafikiri, akanipiga piga goti. "Si ndiyo nimekwambia. Yule wa Masimba."

Siku ya pili nikaenda Masimba yenyewe. Nilimwendea mama mmoja wa umri wa kuheshimika anayeuza parachichi mbele ya duka la dawa za ng'ombe, nikamwamkia kwa Ekegusii na kumweleza namtafuta mwanamke aliyeolewa Ikonge zamani, akarudi.

"Anaitwa nani, mwanangu?"

"Tulimwita mama mdogo."

"Wa boma gani?"

"Sijui."

"Mama wa nani?"

"Hakuwa na mtoto."

Alichagua parachichi lililoiva akaniwekea mkononi bila kuniuliza kama nanunua. "Hapa waliorudi ni wengi," akasema kwa upole. "Wengine waliolewa tena mbali. Wengine wamelala. Kila mtu hapa ni wa Masimba, mwanangu. Bila jina, nitakuonyesha mlango wa nani?" Akawauliza wenzake wawili. Walinihurumia, wakataja watatu, wanne, mmoja aliolewa Borabu, mwingine alikuwa na watoto saba, mwingine alizikwa mwaka juzi na alikuwa mfupi. Mama mdogo alikuwa mfupi au mrefu? Nilipotaka kujibu nilijikuta sijui.

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa bado nimesimama hapo. Alipokea kabla simu haijalia mara mbili. "Umempata?"

"Bado."

"Nitumie jina, nitamtafuta hata kwa Facebook."

Nikamwambia sina jina. Akasema nimtumie lolote basi, la ubatizo, la ukoo, lolote. Nikamwambia sina, sikuwahi kuuliza, na waliolijua wamekufa wote. Nilimsikia akiweka kitu mezani polepole, labda kalamu. Nyuma yake watoto wa shule walikuwa wanapiga kelele wakienda kunywa uji.

Nyumba ya nyanya ilianguka, pale jikoni pamepandwa mikaratusi. Nusu ya chai imeng'olewa, kituo cha majani kimehamishwa, na vijana wa boma wananunua maziwa ya pakiti dukani. Kibuyu sijui kilikwenda wapi. Lakini vyote hivyo, rafiki yangu, ukinipa jioni moja nitakueleza kimoja kimoja hadi uvione: kikapu, moshi, doa jeupe kwenye paji la yule ng'ombe. Mama mdogo nina mikono yake kiunoni na mabega yanayotikisika kwa kicheko. Juu ya mabega hayo nimetafuta uso siku hizi zote, na sioni mtu.